Mahindi Yanayostawi Kwenye Fomu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na kama kumbe mimi ndiye mkubwa kwa umri basi ipokee hivyo hivyo usinirudishie, maana nilipofika sasa niko tayari kumwamkia yeyote atakayenitoa hapa. Ninakuandikia leo Alhamisi nikiwa chumbani kwangu katika ofisi ya umwagiliaji, mlango nimeufunga kwa ufunguo, na mezani mbele yangu kuna fomu ninayotakiwa kuijaza kesho, na fomu hiyo ndiyo inayonikosesha raha. Najua safu yako ni ya mambo ya ndoa na wachumba na watu waliogombana na mawifi zao, na mimi huisoma kila Jumatano na kuwacheka wenye shida, Mungu anisamehe, lakini shida yangu imeingia mpaka ukweni kwa hiyo naona na mimi nina haki ya kupewa nafasi.

Mimi ni bwana shamba, nina miaka kumi na miwili kazini, naangalia mashamba ya wakulima kama mia na ishirini wanaotegemea mfereji mmoja unaotoka bwawani, na kazi yangu ni kuwafundisha wasilime kufuata mteremko, wachimbe makinga maji ili udongo usisombwe, watandaze nyasi kavu shambani ili unyevu usipotee, na kila Ijumaa niwasilishe kwenye ofisi ya umwagiliaji ripoti ya hali ya mazao. Ripoti yenyewe ni fomu ya ukurasa mmoja, ina visanduku vitano, nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya na mbaya sana, unaweka alama ya vema kwenye kimoja, unaandika maelezo mistari mitatu, unatia saini, umemaliza.

Sasa Shangazi, msimu huu ulipoanza mvua zilikuwa za kutosha na mahindi yaliota vizuri kweli, nikaenda nikayaona kwa macho yangu, nikaweka alama kwenye nzuri sana, na huo haukuwa uongo. Wiki ya pili pikipiki ya ofisi ikaharibika, nikajiambia mahindi hayawezi kuwa yamebadilika sana kwa siku saba, nikanakili ripoti ya wiki iliyopita. Wiki ya tatu pikipiki bado iko kwa fundi, nikanakili tena. Wiki ya nne pikipiki ikapona, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kiti. Hakuna aliyeuliza kitu, na kwa kuwa kunakili neno kwa neno kunachosha nikaanza kuongeza madoido, nikaandika kwamba majani ni ya kijani kibichi chenye afya, nikaandika kwamba unyevu ardhini unaridhisha, wiki moja nikaandika mpaka kwamba wakulima wana nyuso za matumaini. Mke wangu ni fundi cherehani na huwa haongei sana kwa sababu muda mwingi ana pini mdomoni, lakini siku moja alizitoa zote akazichomeka kwenye mto wake akaniuliza, "Viatu vyako vya shambani vimetandwa na buibui. Siku hizi unakwenda peku?" Nikamwambia kilimo cha kisasa kinafanyika zaidi mezani. Akarudisha pini mdomoni.

Hapo ningeweza kuacha, lakini nikasifiwa, na sifa ndizo zilizoniponza. Mvua zilikatika mapema, maeneo mengine yote yakawa yanaandika wastani na mbaya, langu peke yake likaendelea na nzuri sana, na mkubwa wetu wa ofisi badala ya kushangaa akafurahi, akaniita mbele ya mabwana shamba wenzangu akanikabidhi cheti cha Eneo la Mfano, kisha akanitaka niwaeleze siri yangu. Na mimi nikaeleza, Shangazi. Nilisimama saa nzima nikafundisha namna ya kustahimili ukame, na kila nililosema lilikuwa sahihi kabisa na limo vitabuni, isipokuwa tu kwamba mimi sikuwa nimeliona popote. Wenzangu waliandika. Mmoja aliomba aje kutembelea ajionee, nikamwambia barabara ya kuja kwangu imekatika.

Kisha mkutano ule ule ukaingia kwenye ajenda ya maji. Bwawa limepungua, mkubwa akauliza tugawane vipi kwa haki, na mimi nikiwa bado na cheti mkononi na joto la makofi halijanitoka nikanyoosha mkono, nikasema tugawane kwa kufuata ripoti za hali ya mazao, wenye mbaya sana wafunguliwe maji kwanza, wenye nzuri sana wasubiri mpaka wengine wote wapate. Nilipigiwa makofi ya pili, marefu kuliko ya kwanza, na hoja ikapitishwa papo hapo. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilikuwa nanawa mikono nikae kula ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na mke wangu akaniuliza mbona nanawa kwa muda mrefu hivyo.

Leo ni wiki ya tano eneo langu halijaona tone, na hapa ndipo anapoingia mama mkwe. Yeye ana ekari moja na nusu kwenye mteremko chini ya mfereji, na ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Nilipoajiriwa wakulima walinikataa, wakasema kijana mwenye mikono laini hivi atatufundisha nini, yeye peke yake ndiye aliyesema, "Njoo unionyeshe," tukachimba makinga maji pamoja, yeye akiwa na jembe na mimi nikiwa na kamba ya kupimia, na kusema ukweli nilikwenda kupima shamba lile mara saba ingawa lilihitaji mara mbili, kwa sababu kulikuwa na binti aliyekuwa akituletea maji ya kunywa, na ndivyo nilivyopata mke. Makinga maji yale yapo mpaka leo na anayasafisha kila msimu, nyasi anatandaza kama nilivyomwonyesha, na nadhani ndiyo sababu mahindi yake bado yana uhai wakati ya majirani yameshaanza kuwa meupe. Cheti changu alikiomba mwenyewe, amekitundika sebuleni kwake kikitazama mlango, kila mgeni lazima akisome kabla hajakaribishwa kiti.

Jumapili alikuja kwetu, akakataa kuketi, akaniuliza akiwa wima, "Mkwe wangu, maji yetu vipi?"

"Nafuatilia, mama."

"Mwezi uliopita ulisema unafuatilia."

"Bado nafuatilia, mama."

"Hayo maji yana mbio kiasi gani?"

Mke wangu alicheka mpaka nikaogopa atameza pini. Mimi sikucheka, kwa sababu siku mbili kabla yake wakulima walikuwa na mkutano, wakaanza kunung'unika kwamba bwana shamba amelala, na mama mkwe akasimama akawaambia, "Mimi simtetei kwa sababu ya binti yangu. Namtetea kwa sababu namjua. Kungekuwa na tatizo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuliandika." Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, Shangazi. Nilitazama viatu vyangu mpaka mkutano ukaisha, na aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona maishani.

Jana ndipo nilipokwenda shambani, baada ya wiki kumi na moja. Mahindi yanatoa mbelewele, yale maua ya juu kabisa, na huo ndio wakati ambao mmea ukikosa maji umekosa kila kitu, punje hazitajaa hata ukiumwagia bwawa zima baadaye. Majani yamejikunja tangu asubuhi, ardhi imepasuka kiganja kinaingia. Nikamwona mama mkwe anapanda mteremko na ndoo, anamwagilia kwa kopo, kopo moja shina moja, na yeye ana umri wa miaka sitini na tatu na mashina zaidi ya elfu ishirini. Nilijificha nyuma ya nguzo ya mlango wa maji mpaka alipogeuka, nikaikokota pikipiki kimyakimya mpaka barabarani. Kwa hesabu yangu mahindi yale yana siku kumi kuanzia leo.

Na ili ujue kwamba dunia haina usawa, mwenzangu wa eneo la chini, ambaye sote tunamwita Mzee wa Kilio kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kuweka alama pengine isipokuwa mbaya sana, hata mwaka ule ambao magunia yalikosa pa kulazwa, yeye sasa anafunguliwa maji kila Ijumaa kwa siku tatu mfululizo. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa mfereji amejishika shavu. Mahindi yake yamekuwa ya njano kwa kulowa, maji yanapita shambani yakitoka rangi ya chai ya maziwa, na ule udongo wa juu, mweusi, wenye rutuba, wote unahamia mtaroni. Wakulima wake wanamsihi afunge. Nikamwuliza kwa nini haandiki kwamba maji yametosha, akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili, akasema, "Nikiandika nzuri leo, si watajua miaka yote nilikuwa nadanganya?" Tukakaa pale, mmoja hana maji na mwingine hana pa kuyaweka, tukayatazama yakipita. Kesho anafunguliwa tena, na Ijumaa ya wiki ijayo vilevile. Ipo kanuni ya zamani kwamba maeneo mawili yanaweza kubadilishana zamu bila kumsubiri mkubwa, wenyeviti wa wakulima wa pande zote mbili watie saini na mabwana shamba waambatishe hali halisi ya mashamba yao, lakini hiyo nimeitaja tu, sioni kama inanisaidia, kwa sababu ya hayo maneno mawili, hali halisi.

Sasa swali langu ni hili. Siwezi kutoka nzuri sana nikaangukia mbaya sana kwa wiki moja, hata mtoto atauliza kilichotokea. Nimepanga kuyashusha mahindi taratibu, kesho niandike nzuri, wiki ijayo wastani, inayofuata mbaya, ili mwezi ukiisha yawe yamekauka kwa utaratibu unaoeleweka na mimi nibaki na kazi yangu na heshima yangu ukweni. Tatizo ni zile siku kumi. Wewe ni mtu wa lugha, naomba unipatie neno moja la kuandika kwenye maelezo, neno lisilo la uongo lakini lisiloshtua, mimi nilifikiria kuandika kwamba mahindi yametulia, au kwamba yanapumzika. Tafadhali usilitaje jina langu.

Ni mimi, Bwana Shamba wa Eneo la Mfano

*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Bwana Shamba. Hiyo shikamoo nimeichukua na siirudishi. Andaa nyingine za kutosha, maana wiki hii utawaamkia wengi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akachungulia, na sioni haya kukuambia kwa kuwa na wewe unawacheka wenzako kila Jumatano. Ya pili nilifika pale kwenye ndoo na kopo na wewe nyuma ya nguzo, nikaiweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Tuanze na neno uliloniomba. Lipo, na wala huhitaji mtu wa lugha. Ni mbaya sana. Limeshachapishwa kwenye fomu, kisanduku cha tano, ofisi yenu ililipia hata wino. Kazi yako ni kuweka vema tu. Mahindi hayajatulia, Bwana Shamba. Hayapumziki. Yanakufa, na aliyeyafanya yakose maji ni wewe, tena kwa mkono ulionyooshwa hadharani.

Na huo mpango wako wa kuyashusha ngazi kwa ngazi, nimeupima kwa vidole vyangu. Wiki utakayoandika wastani, kabla haijaisha punje zitakuwa zimeshakataa kujaa. Wiki utakayofika kwenye mbaya, ripoti yako itakuwa ya uongo tena, kwa sababu hapatakuwa na mazao ya kuwa na hali yoyote. Wewe mwenyewe umeniandikia siku kumi, kisha katika barua hiyo hiyo unapanga mwezi. Hesabu hizo mbili ulizikutanisha wapi?

Nisikukaange tu. Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya mfereji, mama yangu alikuwa akigombania zamu ya maji kabla hata hujajua kushika kalamu, na nawafahamu mabwana shamba wa kila aina. Wapo wasiojua kitu. Wewe unajua. Wapo wavivu wa kuzaliwa, na wewe si mmoja wao, mtu aliyepima shamba moja mara saba miguu yake ni mizima. Makinga maji yako yamezuia udongo usisombwe miaka kumi na miwili, na huko si kudanganya mtu. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Ungekuwa mjinga ningekujibu kwa mistari mitatu.

Pikipiki mbovu nakusamehe, hata wiki ya tatu nakusamehe. Sikusamehe saa nzima ya kuwafundisha wenzako mambo ambayo hukuyaona popote, na wao wakaandika. Huko nyuma ulikuwa unawadanganya wakubwa, na wakubwa wamezoea. Siku ile uliwadanganya wenzako wanaoyapeleka maneno hayo kwa watu wa jembe. Hata hoja uliyoitoa kuhusu maji haina ubaya wowote, ni hoja ya haki, wala usije ukakimbilia kuilaumu. Imekuumbua kwa sababu ni nzuri. Kwa mara ya kwanza mtu ameamua kuzisoma ripoti zenu na kuzifanyia kazi, na imekuwa msiba.

Halafu huyo rafiki yako wa kwenye ukingo wa mfereji. Nyinyi wawili mngechanganywa mkawa mtu mmoja, wastani wenu ungekuwa ukweli. Umemchora vizuri, amejishika shavu, udongo wake unateremka mtaroni, na wewe umekaa ubavuni unamwona mjinga. Anaogopa kuandika nzuri kwa sababu ile ile inayokuzuia kuandika mbaya. Hukuliona hilo ulipokuwa unaandika? Mimi nililiona nikiwa na kikombe mkononi.

Sasa sikiliza, na usiniletee "lakini".

Ile kanuni ya kubadilishana zamu uliyoitaja kwa kupitia kando, kama mtu anayepita mlangoni kwa mtu aliyegombana naye, hiyo ndiyo dawa yako, na uliijua kabla hujanunua stempu. Leo hii vaa viatu, buibui watahamia kwingine. Ingia mashamba kumi, siyo la mama mkwe peke yake, usije ukaambiwa umependelea ukweni. Kila shamba chimba mpaka kina cha kiwiko, toa udongo, ukande kwenye kiganja. Ukisambaratika kama unga, andika umesambaratika kama unga. Andika majani yamejikunja saa ngapi, nyufa zina upana gani, mbelewele zimetoka kwa kiasi gani. Weka tarehe. Na juu kabisa ya maelezo andika kwamba ripoti tangu wiki ya pili zilijazwa mezani. Ukiruka sentensi hiyo utakuwa umeandika muujiza, na muujiza utaletewa wachunguzi.

Kesho asubuhi mfuate Mzee wa Kilio. Usimwombe, mwambie. Anayo maji yanayomharibia ardhi, wewe unayo ardhi inayolia maji, na nyote mnao wenyeviti wanaojua kuandika majina yao. Aandike kwamba mashamba yake yamelowa na udongo unasombwa, wewe uandike ya kwako, saini nne, zamu ya Ijumaa ije juu kwenu. Akikwambia watajua amekuwa akidanganya, mwambie kilio sasa kina sababu. Na maji yakifika yasiachiwe kwa fujo eti kwa furaha. Ardhi iliyopasuka hivyo ukiimwagia mkondo mkubwa itaondoka nao. Yaingizwe polepole, mstari mmoja yapite, unaofuata urukwe, na nyasi zirudishwe juu ya udongo mara yanapozama. Haya unayajua kuliko mimi, nayarudia kwa sababu umekaa kwenye kiti muda mrefu.

Nakala ya kila kitu ipeleke mwenyewe kwa mkubwa wako, mkono kwa mkono, siku hiyo hiyo, kabla hajapelekewa na mwingine. Hapa sitakudanganya, kudanganyana kumetosha. Utaulizwa. Utapewa barua, huenda utahamishwa, huenda kiti chenyewe ukakipoteza. Cheti utarudisha, tena itabidi ukakiombe sebuleni kwa mtu. Sikuhakikishii kazi yako. Wewe uliniuliza namna ya kuiokoa kazi na mahindi yakauke kwa utaratibu unaoeleweka, na mimi nakujibu kwamba wapo wakulima mia na ishirini wanaotegemea kulisha watoto wao kwa mahindi hayo, na kati yao na kiti chako sina cha kupima. Ukifukuzwa utakuwa bado ni mtu anayejua kuchimba makinga maji. Watu wa namna hiyo hawakosi pa kuitwa.

Tena niseme la muda, kwa sababu limeninyima raha. Barua yako ni ya Alhamisi. Ofisi ya umwagiliaji iko nyuma ya mlango ulioufunga kwa ufunguo, lakini wewe ukaona uandikie gazeti linalotoka mara moja kwa wiki. Leo Jumatano unaponisoma, siku sita zimeshakwenda. Ijumaa iliyopita uliweka alama wapi sijui, na naogopa kukisia. Zimebaki siku nne kwa hesabu yako, na maji ya Mzee wa Kilio yanafunguliwa keshokutwa. Kama umefika mpaka mstari huu ukiwa umeketi, nimekasirika zaidi.

Lakini kabla ya mashamba kumi, kabla ya Mzee wa Kilio na mkubwa wako, kuna mtu mmoja wa kwenda kwake, na unamjua, ndiye uliyemkwepa katika barua nzima. Nenda kwa mama mkwe wako shambani, asubuhi hii, ukiwa peke yako, wala usimtangulize mke wako akulainishie njia. Mwambie yote, kuanzia pikipiki mpaka nguzo. Usimwambie unafuatilia. Atakufokea, na kama ni kama mama yangu atakufokea kwa sauti ya kufika shamba la tatu, na wewe utasimama hapo hapo mpaka amalize. Wakubwa wako wamekuuliza hali ya mahindi kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili kwa sababu fomu inataka kujazwa. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuuliza akitaka kujua.

Mjibu.